Rangi ya Kijani Haimwambii Mkulima Yote

Chini ya lebo ya dawa ya kilimo kuna ukanda wa rangi, na rangi hiyo ndiyo kitu cha kwanza anachokiona mtu asiyesoma maandishi. Rangi ziko nne: nyekundu, njano, buluu na kijani. Zinafuata madaraja ya sumu yaliyopangwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na miongozo ya lebo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote. Kijani ni dawa ambayo, ikitumiwa inavyotakiwa, haitarajiwi kumdhuru mtu papo hapo. Mankozebu, ile poda ya manjano ya kuzuia ukungu inayopulizwa kwenye nyanya na viazi kote Uganda, kuanzia Kisoro hadi Bukwo, WHO imeiweka kwenye daraja la mwisho kabisa, lile la kijani.

Hoja yangu ni kwamba rangi hiyo, jinsi inavyotumika Uganda leo, inawapotosha wakulima wetu. Kile inachokisema ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya ukweli, na sehemu iliyobaki haipo mahali ambapo mkulima angeweza kuiona kwa haraka. Nasema haya nikijua kwamba watu wengi wanaoshughulika na kilimo, wakiwemo maafisa waliosoma, bado humwelekeza mkulima kwa rangi tu: achana na nyekundu, chukua kijani, utakuwa salama.

Tuangalie rangi inavyopatikana. Maabara huwalisha panya dawa na kutafuta kipimo kinachoua nusu yao, kikihesabiwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Diklorvosi, dawa ya wadudu inayojulikana sana, inaua kwa miligramu 56, ndiyo maana iko kwenye nyekundu. Metalaksili, dawa ya ukungu inayochanganywa mara nyingi na mankozebu, ina 670, nayo inaangukia kwenye njano. Mankozebu yenyewe inazidi 8,000. Kwa hesabu hiyo, mtoto akiramba mankozebu kwa bahati mbaya ana nafasi kubwa ya kupona kuliko aliyeonja diklorvosi. Ni tofauti ya kufa na kupona, na sitaki mtu yeyote aidharau. Ukanda wa rangi umeokoa watu na utaendelea kuwaokoa.

Ila panya wa jaribio hilo hupewa dawa mara moja na kutazamwa kwa siku 14. Mkulima wa nyanya wa Uganda hapulizi mara moja. Anapuliza kila wiki, na mvua ikishika anapuliza mara mbili kwa wiki, kwa sababu mankozebu hukaa juu ya jani na mvua huiosha. Tuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka katika sehemu kubwa ya nchi. Mtu aliyeanza kubeba pampu mgongoni akiwa kijana wa sekondari, akifika umri wa miaka arobaini ameshavuta na kugusa dawa hiyo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Hakuna rangi kwenye pakiti inayozungumzia maisha ya namna hiyo.

Mnamo Desemba 2020, Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha mankozebu. Sababu hazikuhusu kifo cha ghafla hata kidogo. Mankozebu ilikuwa imewekwa kwenye daraja la 1B la kemikali zinazodhuru uzazi, maana yake ni kemikali inayochukuliwa kuwa na uwezo wa kumdhuru mtoto aliye tumboni. Pia iligundulika kwamba inavuruga homoni. Ikivunjika mwilini, au mabaki yake yakichemshwa kwenye sufuria, inatoa kemikali iitwayo ETU, ambayo huathiri tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Tezi hiyo kwa mama mjamzito ndiyo inayosaidia ubongo wa mtoto kukua, hasa katika miezi ya mwanzo ya mimba. Huko Costa Rica, watafiti waliowafuatilia wajawazito wanaoishi jirani na mashamba ya ndizi yanayonyunyiziwa mankozebu kwa ndege waliikuta ETU kwenye mkojo wao, kwa viwango vya juu kuliko vya watu wa kawaida katika nchi nyingine. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wameshika pampu. Walikuwa wakiishi karibu tu.

FAO na WHO kwa pamoja wana vigezo vinane vya kutambua dawa za kilimo zenye hatari kubwa zaidi, na kimojawapo ni hicho hicho cha kudhuru uzazi kwa daraja la 1A au 1B. Kwa hiyo, ukifuata uainishaji wa Ulaya, dawa ileile ambayo ukanda wake ni wa kijani inaingia kwenye orodha ya zile ambazo nchi inashauriwa kuzidhibiti kwa nguvu au kuziondoa. Vipimo vyote viwili vinatambuliwa na WHO. Kimoja kimepewa rangi inayoonekana kutoka mbali, na kingine kimeachwa kwenye makabrasha ya wataalamu.

Mtu anayejua taa za barabarani, hata kama hajawahi kuendesha gari, anajua kijani ni ruhusa ya kupita. Ndivyo pia rangi hii inavyosomwa shambani. Wapulizaji wanaovaa gambuti na kufunga kitambaa usoni wanaposhika dawa ya wadudu yenye ukanda mwekundu au wa njano, hao hao hupuliza mankozebu peku, mikono mitupu, wakikoroga pipa kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Ukiwauliza, jibu linakuja bila kusita: hii si ya wadudu, hii ni ya ukungu, haiui mtu. Wanatumia akili yao vizuri kabisa juu ya taarifa waliyopewa. Taarifa ndiyo pungufu.

Kuna alama ambayo ingeweza kuziba pengo hili na imekuwepo tangu 2003, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali ulipochapishwa. Ni mchoro wa mtu mwenye kitu kama nyota iliyopasuka kifuani, ndani ya pembe nne zenye mpaka mwekundu. Unasimamia madhara ya muda mrefu: saratani, uzazi, viungo vya ndani. Nataka mchoro huo uwe karibu na ukanda wa rangi, ukubwa uleule, kwenye kila dawa inayostahili, hata kama ukanda wake ni wa kijani. Na chini yake kuwe na sentensi moja fupi: mjamzito asiguse dawa hii wala nguo za kupulizia. Hiyo nguo naitaja kwa makusudi. Mwanaume hupuliza, lakini ovaroli, au mara nyingi zaidi shati kuukuu lililofanya kazi ya ovaroli, hufuliwa na mke wake kwa mikono, kwenye beseni moja na nguo za watoto.

Sasa, hata lebo ikiandikwa vizuri namna gani, lazima imfikie mtu. Siku moja ya soko, kwenye duka dogo la pembejeo huku kwetu mashariki, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa makamo aliyekuja kutafuta dawa ya nyanya. Hakuwa na pesa ya pakiti ya kilo. Muuzaji, kijana mpole, alivuta pakiti iliyokwisha funguliwa, akachota poda kwa kijiko cha chai, akaimimina kwenye kavera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, na kuipiga fundo.

“Mwanangu, niweke ngapi kwa pampu?”

“Vijiko vinne, mama. Mvua ikizidi weka hata vitano.”

“Na kuvuna je?”

“Unavuna tu, mama. Hii ni ya kijani, haina shida.”

Mama akaitia ile kavera ndani ya kikapu, juu ya chumvi na kipande cha sabuni, akalipa na kuondoka. Kavera haikuwa na jina la dawa. Haikuwa na rangi, mchoro, tarehe ya kuisha, wala kipimo. Kila kitu ambacho watunga sheria, wataalamu wa sumu na kampuni wamebishana kwa miaka kukiweka kwenye lebo kilibaki kwenye kaunta, kwenye pakiti ambayo mama huyo hakuigusa. Lebo yake ilikuwa maneno ya yule kijana. Na yule kijana, nina hakika, alikuwa akimsaidia kwa moyo safi.

Sheria ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo ya 2006 ipo, na iliunda Bodi ya kusajili dawa na kusimamia zinavyofungashwa, zinavyoandikwa na zinavyouzwa. Kumwaga dawa kwenye kavera na kuiuza bila lebo ni kwenda kinyume na lengo zima la sheria hiyo. Lakini ukiwafukuza wauzaji wa vijiko leo, kesho watauza uani, maana hitaji lenyewe ni la kweli. Mwenye robo eka ya nyanya hahitaji kilo nzima, wala hana pesa zake. Anahitaji dawa ya pampu tatu au nne. Njia ya kumwondoa kwenye kijiko ni kumpa kipakiti kidogo kilichofungwa kiwandani, kinachotosha pampu moja ya lita 15 au 20, chenye lebo yake. Viwanda vya sabuni, chumvi na majani ya chai viligundua zamani kwamba mnunuzi wa Afrika Mashariki hununua kidogo kidogo, vikafungasha kidogo kidogo. Wapo wanaofanya hivyo kwenye dawa za kilimo pia, ila vipakiti hivyo vidogo ndivyo vyenye maandishi madogo kuliko yote, herufi ambazo mzee wa miaka sitini hazisomi hata kwenye jua la saa sita. Karatasi ya maelezo inaweza kukunjwa na kubandikwa juu ya kipakiti. Bodi ikisema hakuna usajili bila hiyo, itabandikwa.

Tena dawa ya kipimo cha pampu moja inaondoa ubishi wa vijiko. Kijiko cha chai kilichojaa kwa kilima si sawa na kilichosawazishwa, na kijiko cha duka hili si cha duka lile. Wengine hupimia kifuniko cha soda, wengine kiganja. Wengi wao, wakiona ukungu haujakoma, huongeza dozi. Kumbe kinachowashinda mara nyingi si udogo wa dozi, na hapo nitarudi punde.

Kwanza suala la lugha, ambalo linanikera kwa sababu suluhisho lake tayari limechapwa. Kenya na Tanzania zinataka lebo za dawa za kilimo ziwe na Kiswahili. Ukivuka Busia kwa miguu, ukaingia duka la upande wa Kenya, utashika dawa ya kampuni ileile, kiambato kilekile, na maelezo yake kwa Kiswahili yapo: vaa glavu, usile wala kuvuta sigara ukipulizia, usimwage mtoni, ngoja siku kadhaa kabla ya kuvuna. Ukirudi upande huu, pakiti nyingi zinazungumza Kiingereza pekee. Mkulima wa Uganda na wa Kenya wametenganishwa na mpaka tu, wanapanda nyanya aina moja, wanashambuliwa na ukungu mmoja.

Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, inaitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha itumike rasmi na ifundishwe kama somo la lazima kwenye shule za msingi na sekondari. Nasikia pingamizi linakuja: mkulima wa Masaka au Kabale hasomi Kiswahili. Ni kweli kabisa, na kwa huyo lebo inapaswa kuwa na Luganda au Runyankole-Rukiga. Karatasi inayokunjwa inabeba lugha tatu bila taabu. Lakini kwa Busia, Malaba, Kapchorwa, Bukwo, Kasese, Arua, na kwa maelfu ya vibarua wanaohama kutoka wilaya hadi wilaya kutafuta kazi ya kupalilia na kupulizia, Kiswahili ndicho wanachoelewana nacho. Serikali iliyoamua Kiswahili kifundishwe darasani inaweza pia kuamua kionekane kwenye sumu.

Wengine husema lugha si kitu, michoro inatosha. Michoro hiyo midogo ya kufuli, mikono yenye glavu, mtu aliyebeba pampu, bomba la kunawia, ilibuniwa miaka ya 1980 na muungano wa kampuni za dawa kwa kushirikiana na FAO, ikikusudiwa wasiosoma. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wengi waliielewa vibaya, wengine kinyume kabisa na ilivyokusudiwa. Mchoro hausomeki wenyewe. Lazima mtu akufundishe mara moja, ndipo ukiuona tena unakumbuka. Afisa kilimo wa gombolola angeweza kufanya hivyo kwenye mkutano wa LC, baraza la kijiji, kwa nusu saa, na redio za FM za wilayani, ambazo watu wanazisikiliza shambani, zingeweza kurudia. Kazi hiyo haihitaji mradi wa mfadhili.

Nirudi kwenye swali la yule mama, “na kuvuna je?”, kwa sababu lilikuwa swali sahihi kuliko yote na ndilo lililojibiwa vibaya. Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupulizia mara ya mwisho na kuvuna. Hutofautiana kwa dawa na kwa zao, na zimeandikwa kwenye lebo, mara nyingi katikati ya aya ndefu. Kwa mtu wa mjini anayekula nyanya, namba hiyo ndiyo muhimu kuliko maneno mengine yote ya lebo, naye haioni kamwe.

Aliyenunua nyanya kwenye masoko ya Kampala kama Kalerwe au Nakasero anaujua ule unga wa dawa unaozunguka kikonyo. Wachuuzi wengi huuona kuwa dalili njema: nyanya iliyopuliziwa itakaa, haitaoza kwenye gari. Ndiyo maana wakulima wengine hupuliza mankozebu siku moja au mbili kabla ya kuvuna, na wengine hata kwenye nyanya zilizokwisha chumwa. Soko limeigeuza dawa ya shamba kuwa dawa ya kuhifadhia, kazi ambayo haikusajiliwa kuifanya. Watafiti wa Uganda waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walipima mabaki ya kundi hili la dawa kwenye nyanya za hapa nchini na kuona kwamba kuosha kwa kawaida kunayapunguza. Inaeleweka, kwa kuwa mankozebu haiingii ndani ya tunda sana, inakaa juu ya ganda. Basi osha nyanya kwa maji mengi ukizisugua kwa mkono kabla ya kuzikata. Kufuta kwa kitambaa au kwenye sketi, kama tunavyoona watoto wakifanya, hakutoshi. Na usijiambie kwamba moto utaimaliza, kwa sababu kuchemsha mabaki ndiko kunakozalisha ile ETU.

Hata hivyo mlaji hawezi kubebeshwa mzigo huu peke yake jikoni. Nchi inayopima mboga zinazokwenda Ulaya ina maarifa ya kupima zinazokwenda Kalerwe. Siku za kusubiri ziandikwe mbele ya pakiti, kwa namba kubwa kama jina la dawa lenyewe. NGOJA SIKU 7, au siku yoyote iliyothibitishwa kwa dawa na zao hilo. Mkulima akiisoma, muuzaji akiisoma, na mchuuzi anayekuja shambani na lori lake akiisoma, angalau hakuna atakayesema hakuambiwa.

Niliahidi kurudi kwenye dozi. Lebo nzuri humlinda mkulima mfukoni pia, na huenda hoja hiyo ikasikilizwa na wengi kuliko ya afya. Mankozebu ni kinga. Hukaa juu ya jani kusubiri vijidudu vya ukungu, na ukungu ukishaingia ndani ya jani, imechelewa. Anayesubiri mpaka majani ya viazi yabadilike kuwa meusi ndipo akimbilie dukani anaoga dawa bure. Kibaya zaidi, kuna mnyauko wa bakteria, ambao huangusha nyanya ikiwa bado ya kijani, na hakuna dawa ya ukungu duniani inayoutibu. Ng'oa, choma, usirudie kupanda nyanya, viazi wala biringanya hapo. Nimewaona watu wakiupulizia mnyauko huo mankozebu wiki baada ya wiki, dozi ikiongezeka, hadi shamba likaisha. Vivyo hivyo kwa migomba yenye mnyauko wa bakteria.

Metalaksili ina kisa chake. Hiyo huingia ndani ya mmea na kuufuata ukungu huko, kwa hiyo ilipotokea mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa viazi wa Ulaya waliifurahia sana. Kufikia 1980, huko Ireland na Uholanzi, ukungu wa viazi uitwao bakajani chelewa ulikuwa umeizoea na viazi viliangamia shambani huku vimepuliziwa. Tangu hapo huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu au dawa nyingine ya juu ya jani, ili ukungu unaoishinda moja ukutane na ya pili. Kampuni huweka kwenye lebo namba ya kundi la dawa, 4 kwa metalaksili, M03 kwa mankozebu, ili mkulima abadilishe makundi na asirudie lile lile msimu mzima. Sijawahi kukutana na muuzaji anayemweleza mteja namba hiyo. Watu hubadilisha jina la biashara wakidhani wamebadilisha dawa, kumbe ndani ya pakiti zote mbili ni kitu kimoja.

Dawa bandia nazo zinastahili makala yake. Nitasema moja tu: utafiti wa dawa ya magugu ya glaifoseti nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba kwa wastani chupa zilipungukiwa na asilimia 15 ya kiambato kilichoandikwa, na asilimia 31 ya sampuli zilikuwa na chini ya robo tatu ya kile kilichoahidiwa. Mkulima akishaumwa na chupa kama hiyo, anaacha kuamini kipimo cha lebo na kuanza kuongeza mwenyewe. Siku akipata dawa halisi, anaipuliza kwa kipimo cha bandia.

Je, naitaka Uganda iipige marufuku mankozebu kesho asubuhi? Hapana. Kwenye vilima vya Kabale na Kisoro, penye ubaridi na ukungu wa hewa, bakajani chelewa inaweza kumaliza shamba la viazi kwa siku chache. Mkulima wa Ulaya aliyeondolewa mankozebu ana dawa nyingine kadhaa za kuchagua na ana mkopo wa kuzinunua. Wa kwetu angekimbilia magendo. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi wamefanyia majaribio Kabale kiazi cha Victoria kilichowekewa jeni tatu za kuhimili bakajani kutoka kwa viazi pori, kiazi ambacho kingehitaji dawa kidogo sana. Hakijafika kwa wakulima, na mswada wa sheria ya bayoteknolojia uliopitishwa na Bunge mwaka 2017, na tena 2018, Rais aliurudisha mara zote mbili. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mbegu hizo. Lakini anayezikataa kwa kuhofia afya ya watu ana wajibu wa kuijali pia poda wanayovuta watu kwa sababu mbegu ya namna hiyo haipo.

Nisichokubali ni ile tabia ya kumtupia mkulima lawama zote. Kila tukio la sumu linapotangazwa, hufuata taarifa inayosema wakulima hawasomi lebo na hawavai kinga. Kinga ipi? Glavu za mpira, barakoa yenye kichujio, miwani na ovaroli kwa pamoja huweza kugharimu zaidi ya dawa ya msimu mzima kwa mwenye robo eka, na maduka mengi ya vijijini hayaviuzi hata kama pesa ipo. Anayepuliza saa saba mchana akiwa amefungwa plastiki mwili mzima atazimia kwa joto. Kanuni ya FAO na WHO ya usimamizi wa dawa hizi inasema wazi kwamba dawa ambayo kuishika na kuipuliza kunahitaji kinga isiyo raha, ghali au isiyopatikana kirahisi iepukwe, hasa kwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Aliyetakiwa kulisoma sharti hilo ni msajili na kampuni, kabla dawa haijapanda lori.

Bodi ina nguvu ambayo haijaitumia vya kutosha. Usajili wa dawa una muda wake, na kila kampuni inaporudi kuuhuisha huja na nakala ya lebo mkononi. Hapo ndipo pa kusema: weka alama ya madhara ya muda mrefu kando ya rangi, weka siku za kusubiri mbele kwa namba kubwa, ongeza Kiswahili na lugha ya eneo, lete kipakiti cha pampu moja, la sivyo rudi nayo. Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Ningeanza na mankozebu na michanganyiko yake yote, kwa sababu ndiyo inayopulizwa mara nyingi zaidi kwa msimu, na kwa sababu wanaochota maji ya kuichanganya, mara nyingi wakiwa na mimba na mtoto mwingine mgongoni, ni wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba dawa hiyo inawahusu.